Kihariri kinakula herufi tulizoandika, halafu tunaambiwa tatizo ni mtandao wetu

Wakuu, habari za usiku. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira, na hasara niliyoipata wiki hii imetokana na pesa ya mtu mwingine, kwa hiyo naomba mnisome mpaka mwisho.

Kazi yangu ni kutunza seva za wafanyabiashara wadogo hapa Mwanza. Mmoja wao ana duka la jumla. Bei zake zimo kwenye faili moja la maandishi, na kila alfajiri mfumo unalisoma faili hilo na kuwatumia wateja bei za siku kwa ujumbe mfupi. Jumanne usiku niliingia kwenye seva, ambayo ipo Ujerumani, nikafungua faili kwa kihariri (programu ya kuandikia na kubadilishia mafaili ya maandishi) cha terminali, lile dirisha la amri za maandishi, ambacho vijana wengi wanakitumia siku hizi. Jina silitaji, anayekitumia atakijua kwa dalili zake. Nikabadilisha bei ya mfuko wa sukari wa kilo 50. Niliandika 142000, nikahifadhi, nikatoka. Ndani ya faili ikabaki 14200.

Asubuhi wateja wakasoma sukari shilingi elfu kumi na nne na mia mbili. Wawili walishalipa kwa simu kabla mwenye duka hajafungua mlango. Mzee wa watu akaamua kuwapa mzigo kwa bei hiyohiyo, kwa sababu ujumbe ulitoka kwa jina lake. Mimi ndiye ninayefidia.

Nilijilaumu kwanza. Nikadhani ni vidole, ni usingizi. Lakini jambo hili nilishalisikia kwa vijana ninaowafundisha: “kaka, nimeandika neno, herufi moja haipo”. Nilikuwa nawaambia wawe makini. Leo nawaomba msamaha hadharani, kwa sababu Jumatano nilikaa chini, nikarudia zoezi lile huku nikifuatilia kihariri, pamoja na programu ya seva inayopokea ninachoandika, kwa strace (chombo kinachorekodi maombi ambayo programu inaupa mfumo) ili nione kila baiti inayoingia na kila amri inayotolewa, na nikaona mahali sifuri yangu ilipokufa.

Kila ukinyamaza nusu sekunde, kihariri hiki kinaita programu ya nje ikague sintaksia ya faili, yaani kama limeandikwa kwa kanuni zake. Kabla ya kuiita kinairudisha terminali kwenye hali yake ya kawaida, na programu ikimaliza kinaichukua tena. Kuichukua huko kunafanywa kwa tcsetattr, amri ya kubadilisha mipangilio ya terminali, na amri hiyo inakupa chaguo tatu. TCSANOW inabadilisha papo hapo. TCSADRAIN inasubiri kwanza yale uliyoyatuma kwenye skrini yaishe kutoka. TCSAFLUSH inasubiri vilevile, kisha inatupa kila kitu ambacho mtumiaji ameshaandika na programu haijakisoma. Inatupa kabisa, si kwamba inaweka pembeni. Chaguo hilo lina mahali pake, mfano pale unapouliza nywila na hutaki herufi za kabla ya swali zihesabiwe kuwa jibu. Sasa waandishi wa kihariri, chombo ambacho kazi yake ya kwanza ni kupokea herufi za mtu, wameliweka hapo, na linaitwa kila baada ya nusu sekunde ya ukimya. Nilisita kidogo kati ya sifuri ya pili na ya tatu kwa sababu niligeuka kutazama daftari la bei. Sifuri ya tatu ikafika katikati ya zoezi lile, ikatupwa.

Mistari ya msimbo inayohusika ni miwili. Nilibadilisha TCSAFLUSH kuwa TCSADRAIN kwenye nakala yangu, nikaandika nambari usiku kucha, hakuna hata moja iliyopotea. Nikawatumia wenye mradi kiraka, yaani marekebisho hayo ya msimbo, pamoja na maelezo. Wakafunga ripoti ndani ya saa chache kwa jibu kwamba tatizo ni mtandao wangu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mtandao wetu una shida, nani asiyejua? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, sehemu kubwa ya Tanzania tulikaa gizani kimtandao. Lakini mtandao wa polepole huchelewesha herufi, haufuti sifuri moja katikati ya nambari. SSH, njia tunayoingilia kwenye seva kwa mbali, inapita juu ya TCP, na TCP ni kanuni ya usafirishaji inayohakikisha kila baiti inafika, tena kwa mpangilio wake, la sivyo muunganisho unakatika wote. Sifuri yangu ilifika Ujerumani. Niliiona kwa macho yangu kwenye rekodi ya upande wa seva. Imesafiri salama chini ya bahari, ikaja kutupwa mlangoni na programu iliyotakiwa kuipokea.

Na huo umbali wanaoutukana hauwezi kuondolewa na kampuni yoyote ya simu. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa mpaka Ujerumani ni zaidi ya kilomita 6,000 hata waya ungenyooka kama uzi wa fundi ujenzi, kwa hiyo kwenda na kurudi kunakula milisekunde zaidi ya 60 kabla hujahesabu mitambo ya njiani wala ukweli kwamba nyaya zinazunguka na pwani. Kwangu kipimo cha kawaida usiku ni kama 180. Anayeandika kihariri cha terminali anapaswa kujua kwamba kitatumika kwa mbali. Terminali ilizaliwa kwa kazi hiyo.

Baada ya kufungiwa ripoti sikulala. Nikausoma msimbo wao wote unaohusu vitufe na uchoraji wa skrini, na nimekuta mambo ambayo lazima niyaseme.

Mzunguko mkuu wa programu unafanya hivi: soma baiti moja, fanya kinachotakiwa, chora skrini nzima upya, rudi usome baiti nyingine. Ukiwa umekaa mbele ya mashine yenyewe huoni ubaya wowote. Sasa bandika maandishi. Skrini ya kawaida ina safu wima 80 na mistari 24, yaani nafasi 1,920. Ukibandika herufi 3,000, ambazo ni ukurasa mmoja na nusu tu wa maandishi, kihariri kinachora mara 3,000. Zidisha: herufi milioni 5.76 zinapita mtandaoni ili mtu aone picha moja ya mwisho, na hapo sijaweka alama za rangi. Ni karibu megabaiti 6 za kifurushi cha mtu anayenunua bando la siku. Kijana wangu mmoja alikuwa akilalamika kwamba kujifunza kwenye seva kunamalizia bando, nikawa simwelewi. Kumbe kila herufi anayoibandika inalipiwa skrini nzima.

Dawa yake inajulikana toka zamani. Baiti zinazoingia zisome zote zilizopo kwa mkupuo, zitie kwenye foleni, tekeleza moja baada ya nyingine juu ya bafa (nakala ya faili iliyo kwenye kumbukumbu), na weka alama tu kwamba mstari fulani umebadilika. Foleni ikiisha, chora mara moja. Na unapochora, linganisha na picha uliyoituma mara ya mwisho, upeleke tofauti peke yake, yote ndani ya write moja, yaani kwa kutuma mara moja, ili skrini isipepese. Kupokea tukio ni kazi moja, kuonyesha matokeo ni kazi nyingine. Ukizifunga pamoja, mtumiaji anasubiri rangi zipakwe ndipo asikilizwe.

Watu waliyafahamu haya kabla sijazaliwa. Bill Joy alipoandika kihariri cha vi huko Berkeley, Marekani, miaka ya 1970 alikuwa akitumia modemu ya baudi 300, yaani kama herufi 30 kwa sekunde. Skrini nzima ingemchukua zaidi ya dakika moja kuchorwa. Alilazimika kuheshimu kila herufi inayotumwa, ndiyo maana amri za vi ni fupi na hazichori kisichohitajika. Mwaka 1981 James Gosling, yuleyule aliyekuja kutengeneza lugha ya programu ya Java, alichapisha makala kuhusu njia ya kutafuta mabadiliko machache zaidi yanayotosha kuigeuza skrini ya zamani kuwa mpya. Emacs, kihariri kingine cha zamani, ilipokuwa katikati ya kuchora na wewe ukabonyeza kitufe, iliweza kuacha uchoraji ishughulike na kitufe kwanza, kisha ichore hali iliyopo wakati huo. Wote hao walikuwa na mitandao mibovu kuliko wa kwangu. Kwa hiyo mtu asiniambie mwaka huu kwamba kosa ni la mtandao.

Kuna hili la vitufe vya mshale. Ukibonyeza mshale wa juu, terminali haipeleki “mshale wa juu”. Inapeleka baiti tatu: 27, kisha mabano ya mraba yanayofungua, kisha A. Na kitufe cha Esc nacho kinapeleka 27 hiyohiyo. Kwa hiyo kihariri kikipokea 27 lazima kisubiri kidogo kione kama kuna kinachofuata. Hiki chetu kinasubiri milisekunde 10, muda ulioandikwa ndani ya msimbo, huwezi kuubadilisha. Mtandao ukisukuma zile baiti kwa vipande viwili, kihariri kinaamua umebonyeza Esc, halafu [A inaingia ndani ya faili lako kama maandishi. Nimekuta [A na [B kwenye mafaili ya wanafunzi mara nyingi mno. Vim, kihariri cha ukoo wa vi, inakuachia uuweke muda huo mwenyewe kwa mpangilio uitwao ttimeoutlen. Sioni sababu ya kutunyima hilo.

Nije kwenye simu, kwa sababu vijana wengi hawana kompyuta. Wanajifunzia kwenye Termux, programu inayokupa terminali ndani ya simu ya Android. Kwenye simu kila kibodi ikiibuka au ikijificha ukubwa wa skrini unabadilika, na mfumo unaipa programu ishara ya SIGWINCH. Kinachotakiwa ndani ya kishughulikia ishara, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa ishara ikifika, ni kuweka bendera tu, kwamba ukubwa umebadilika, kisha mzunguko mkuu ukifika zamu yake usome ukubwa mpya na uchore. Hawa wanachora papo hapo, ndani ya kishughulikia ishara chenyewe, wakiomba kumbukumbu kwa fanksheni ya malloc humohumo. Ishara inaweza kuingia wakati programu iko katikati ya malloc nyingine, na malloc haimo kwenye orodha ya POSIX, viwango vya mifumo ya aina ya Unix, ya fanksheni salama kuitwa hapo. Matokeo yake kihariri kinaganda au kinakufa pamoja na kazi isiyohifadhiwa. Na kikinusurika, baada ya kuchora kinaita ile TCSAFLUSH tena. Kijana anageuza simu ilale ili aone mstari mrefu, herufi zake za mwisho zinapotea, na mimi mwalimu namwambia awe makini!

La mwisho linatugusa sisi tunaoandika Kiswahili. Andika ng’ombe kwenye simu au kwenye programu ya ofisini, na mara nyingi ile alama ya juu inageuzwa kuwa ya kujipinda. Kwenye UTF-8, utaratibu wa kuandika herufi za lugha zote kwa baiti, alama hiyo ni baiti tatu, 226, 128 na 153, lakini kwenye skrini inachukua nafasi moja. Kihariri hiki kinahesabu baiti kana kwamba ni nafasi. Kwa hiyo kila ng’ombe, ng’ambo au ng’oa kwenye mstari inasukuma kasa (ile alama inayoonyesha unapoandikia) nafasi mbili mbele ya pale inapotakiwa kuwa. Mstari wenye maneno matatu ya namna hiyo, kasa ipo nafasi sita mbali na mahali unapoandikia kweli. Unafuta herufi unayoiona, inafutika nyingine. Na ukifuta ile alama yenyewe inaondoka baiti moja, zinabaki mbili zisizo na maana, na faili linakataliwa na programu nyingine. UTF-8 ilibuniwa mwaka 1992. Hakuna kisingizio cha kihariri kipya kutoijua.

Sisemi haya kwa chuki. Najua ni watu wanaojitolea, na nimeshajitolea kwenye miradi kama hiyo miaka mingi, ndiyo maana nilipeleka kiraka badala ya matusi. Kinachoniuma ni kwamba mtu ameleta ushahidi, mistari miwili ya marekebisho na rekodi ya strace, na anajibiwa kwa kuangaliwa anatoka wapi. Angekuwa ameandika kutoka Ulaya wangeisoma rekodi.

Ninachofanya sasa: seva zote ninazozitunza nimekiondoa kihariri hiki tangu Alhamisi, tumerudi Vim na nano. Wanafunzi nimewaambia wafanye hivyohivyo. Na nitafungua ripoti upya Jumatatu, safari hii nikiwa na ushahidi wa zaidi ya mtu mmoja. Kwa hiyo aliyewahi kupoteza herufi, aliyekuta [A ndani ya faili, au ambaye kihariri kimemfia alipogeuza simu, aandike hapa chini: unatumia kifaa gani, terminali gani, toleo la kihariri, na ulikuwa unafanya nini dakika ile. Mwenye uwezo wa kuendesha strace ahifadhi rekodi, ila afute nywila na majina ya wateja kabla ya kuiweka. Kiraka changu nitakibandika kwenye jibu la kwanza.