Klachi ya Vespa PX ya zamani: niifungue niikague kabla ya safari ya Lushoto, au niiache?

Mkaazi wa Michenzani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Ninayo Vespa PX 150 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, yenye klachi ya kizamani, si ile ya Vespa aina ya Cosa iliyofungwa kwenye PX za baadaye. Nimeinunua hapa Unguja kwa mzee aliyeitunza vizuri sana bodi yake, lakini hakumbuki injini ilifunguliwa mara ya mwisho lini, wala na fundi gani. Mwezi ujao, inshallah, nakusudia kuivusha kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha niiendeshe kwa njia ya Chalinze na Segera hadi Mombo, na kutoka hapo nipande Lushoto.

Ikiwa baridi inakwenda vizuri. Injini ikishapata moto, nikisimama kwenye foleni ya Darajani huku nimebana leva na gia ya kwanza imeingia, chombo kinajivuta taratibu kwenda mbele, na nyutro inakuwa ngumu kuipata. Nimekaza waya, dalili ikaondoka, na baada ya siku chache ikarudi. Fundi mmoja ameniambia kitu kinachofanya kazi kisifunguliwe. Mwingine anasema nati inayoifunga klachi kwenye krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, hulegea, hasa kwenye injini zilizopita mikono mingi, na kwamba ikilegea njiani safari imekwisha. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kuzifungua: je, dalili hizi zinatosha kuifungua? Na kama ni kuifungua, nati hiyo inafungwaje hata isilegee tena? Spana ya kupimia nguvu ya kukaza ninayo, ila chombo maalumu cha kushikia klachi sina.

Fundi Mstaafu, Tanga

Wa aleikum salaam, Bwana Mkaazi. Ningeifungua, na ningeifungua wiki hii, si siku mbili kabla ya meli.

Kwanza uondoe shaka ya waya, kwa kuwa ndiyo rahisi. Chukua rangi kidogo, hata ya kucha, uweke alama kwenye waya pale unapotoka kwenye kibanio chake kwenye injini. Endesha mjini mpaka dalili irudi, kisha uitazame alama. Ikiwa imesogea, waya unateleza kwenye kibanio na nati ya klachi haina hatia. Ikiwa ipo palepale na klachi imeanza tena kuvuta, tatizo liko ndani ya kifuniko.

Ndani yanaweza kuwa mambo kadhaa. Kipande cha shaba kinachosukumwa na mkono wa kifuniko hulika. Pleti za chuma hupinda kwa joto. Oili nzito kupita kiasi hugandisha pleti zisiachane, na nimeziona Vespa zilizojazwa oili ya giaboksi ya lori, SAE 140, mwenye chombo akalaumu springi bure. Lakini nati iliyolegea ina namna yake ya kujionyesha: ukibana leva, sehemu ya mwendo wake inatumika kuisukuma klachi nzima irudi ndani kwenye krenki kabla springi hazijaanza kukandamizwa, kwa hiyo pleti haziachani sawasawa hata kama waya umekazwa vizuri. Mara nyingi utasikia pia mgongano mdogo injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kupewa mafuta, nao hubadilika sauti au kutoweka ukigusa leva. Ukiyasikia hayo, usiende nayo hata Nungwi.

Hofu ya kulegea kwake haitokani na klachi yenyewe. Klachi ya Vespa inazunguka pamoja na krenki kwa msaada wa kii, kile kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Nati ikilegea, klachi inaanza kucheza, kila unapoongeza na kupunguza mafuta inaigonga kii, na kii ikikatika inaharibu mfereji wake kwenye krenki. Kii ni kitu cha bei ndogo. Krenki ni kuipasua injini nzima, na huko Segera sijui utaipasulia wapi.

Kuifikia si kazi kubwa. Funga koki ya mafuta, hakikisha tangi halijajaa, toa betri kama chombo chako kinayo, toa gurudumu la nyuma kwa zile nati tano, ondoa ubavu wa kulia, kisha ukilaze chombo kwa upande wa kulia juu ya tairi kuukuu. Kikilala hivyo klachi inabaki juu, na huna haja ya kumwaga oili. Legeza waya, fungua kifuniko cha klachi chenye boliti tatu, utaiona sahani ya kusukumia iliyoshikwa na waya wa duara. Itoe, na chini yake ndipo nati ilipo: nati yenye meno kama minara ya ngome, na washa ambayo ulimi wake umekunjwa ndani ya moja ya nafasi za nati. Kabla hujagusa ulimi huo, jaribu kuitikisa klachi. Gia yake ina uchezaji mdogo ambao ni haki yake. Kisichotakiwa kucheza ni nati na kasha la klachi juu ya krenki.

Dereva wa Magomeni

Ninakubaliana na Mzee wetu wa Tanga kuhusu dalili, lakini niongeze tahadhari upande wa pili. Klachi isiyo na dalili yoyote, ambayo mwenyewe unajua nani aliifunga na kwa washa gani, mimi siifungui kwa ajili ya safari tu. Nati nyingi ninazozijua zilizolegea barabarani zilikuwa zimefungwa juzijuzi, tena kwa mashine ya upepo ya kufungulia matairi ya magari. Mashine hiyo inapiga kelele, fundi anaridhika, na hakuna anayejua imekaza kwa kiasi gani. Piaggio, watengenezaji wa Vespa, wanataka nati hii ikazwe kwa nyutoni-mita 40 hadi 45, na hicho si kiasi cha kutoa jasho. Anayening'inia kwenye bomba refu anaharibu nyuzi za krenki, halafu hata nguvu hiyo ndogo haishiki tena.

Kwa Bwana Mkaazi hali ni nyingine, maana historia ya injini haijulikani na dalili ipo. Afungue. Ila namwomba anunue washa mpya ya ulimi kabla ya kufungua kifuniko. Ulimi uliokwisha kukunjwa na kunyooshwa una ufa hata kama macho hayauoni, na siku utakapokatika, kipande chake kitazunguka ndani ya oili pamoja na gia. Nati nayo, ikiwa kona za meno yake zimekwisha kuliwa na patasi za watu, ibadilishwe.

Kuhusu gundi ya kushikilia nyuzi, wapo wanaoipaka na wapo wanaoicheka. Ile ya nguvu ya kati haina madhara, mradi nyuzi zimesafishwa kwa petroli na kukauka kabisa, lakini haichukui nafasi ya ulimi. Anayepaka gundi na kuacha ulimi haujakunjwa kwa kuwa haukukutana na nafasi ya nati, huyo hajafunga klachi.

Mkaazi wa Michenzani

Nawashukuru nyote. Alama ya rangi haikusogea, na sauti ile ya mgongano ipo, ingawa inahitaji kutegewa sikio. Kwa hiyo nafungua. Swali langu lililobaki ni la kushikia. Jirani yangu ananishauri nitoe plagi, niingize kamba ndani ya silinda ili pistoni igote, ndipo nikaze. Mwingine anasema nibane bisibisi kwenye mapezi ya feni ya magneto. Ipi ni salama?

Fundi Mstaafu, Tanga

Hakuna iliyo salama hapo. Kamba inatumika kwenye injini za aina nyingine, lakini Vespa yako ni ya mipigo miwili na silinda yake ina matundu ubavuni. Kamba ikiingia kwenye tundu na pistoni ikapita, utakuwa umeikata kamba, au umeiumiza pistoni na ringi zake. Mapezi ya feni ni ya alumini. Yanavunjika kwa urahisi, na feni iliyopungukiwa pezi inatikisa injini nzima kwa muda wote utakaoendesha.

Tafuta chombo cha kushikia kasha la klachi. Ukikikosa, mchonga vyuma mwenye akili atakutengenezea kwa kipande cha bapa chenye pembe inayoingia kwenye nafasi za kasha, na mkia unaoegemea kwenye boliti ya kifuniko iliyorudishwa mahali pake. Pamoja nacho chukua bomba la spana lenye meno manne yanayoingia kwenye nati. Bila hilo, spana yako ya kupimia haina pa kushika, na utaishia kuigonga nati kwa patasi kama waliotangulia.

Sasa niseme jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalolegeza nati nyingi kuliko uzembe wa kukaza. Unapoirudisha klachi, kii inaweza kuinuka kwenye mfereji wake bila wewe kuiona. Klachi inaingia, inagota juu ya kii, wewe unakaza, spana inakuambia 45, unafurahi, kumbe klachi haijafika mwisho. Baada ya muda kii inakaa sawa au inakatika, nafasi inabaki wazi, na nati inakuwa imelegea ingawa ulimi uko palepale umekunjwa. Kwa hiyo ibandike kii kwa grisi kidogo, iingize klachi kwa mkono bila kuilazimisha, na kabla ya kuvika washa na nati utazame ni nyuzi ngapi za krenki zimejitokeza. Toa klachi, irudishe, utazame tena. Zikilingana, imekaa. Usisahau pia washa bapa iliyo nyuma ya klachi, ambayo hupenda kung'ang'ania mgongoni mwa klachi na kutoka nayo. Upande wake wenye ukingo uliochongwa unaelekea injini.

Kaza mpaka 40 kwanza, utazame ulimi. Ikiwa nafasi ya nati haijakutana nao, endelea kukaza kidogo kuelekea 45 mpaka vikutane. Usirudishe nati nyuma kutafuta nafasi. Kisha ukunje ulimi wote uingie ndani kabisa. Ulimi ulioinuka nusu hauzuii chochote.

Binti wa Korogwe

Samahani wazee wangu kwa kuingilia. Sina la kuongeza kuhusu nati, ila barabara ya Mombo hadi Lushoto naijua. Ni kilomita 30 na ushei za kona juu ya kona, kutoka kwenye joto la bonde hadi kwenye mita 1,400 hivi, na magari yanayoshuka yanakulazimisha kusimama pembeni na kuondoka tena ukiwa mlimani. Klachi itafanya kazi hapo kwa saa moja kuliko ifanyavyo mjini kwa siku nzima. Kama pleti zako ni zile zenye gome la kizibo, mpya ziloweke kwenye oili usiku kucha kabla ya kuzifunga. Zikifungwa kavu, mlima huo utaziunguza. Oili iwe SAE 30 ya kawaida, mililita 250, na isiwe ile ya magari ya kisasa yenye viungo vya kupunguza msuguano, kwa kuwa pleti zitateleza. Chombo kikiwa kimesimama wima, oili ifike ukingoni mwa tundu la skrubu iliyoandikwa OLIO.

Wakati wa kushuka, wageni wengi hubana klachi na kuachia chombo kiserereke. Kile kipande cha shaba kinasuguliwa muda wote leva inapobanwa, na hakikuundwa kwa mtelemko mzima. Weka gia ya pili, acha injini ikushike, na kama unatumia petroli ya kuchanganya na oili, fungua mafuta kidogo mara kwa mara ili silinda isikauke. Waya wa ndani wa akiba uwe tayari umekatwa kwa kipimo, pamoja na kibanio chake na spana mbili ndogo. Waya wa klachi hukatikia kwenye kichwa chake ndani ya leva, nyuzi moja baada ya nyingine, kwa hiyo fungua leva utazame kabla hujaondoka Unguja.

Mkaazi wa Michenzani

Nimefungua leo asubuhi. Nati ilizunguka kwa vidole. Ulimi wa washa ulikuwa umenyooka kabisa, haukuwahi kukunjwa, na kwenye kona za nati kuna alama za patasi. Kii ina mkwaruzo upande mmoja lakini haijakatika, na mfereji wa krenki naona ni mzima, kingo zake bado ni kali. Kipande cha shaba kimelika kwa upande mmoja. Nimeagiza washa, nati, kii na kipande hicho kutoka Dar es Salaam. Je, vikifungwa, niendeshe umbali gani kabla ya kuiamini?

Fundi Mstaafu, Tanga

Una bahati na mfereji huo. Kii ya zamani usiirudishe hata kama inaingia vizuri, kwa kuwa upande uliokwaruzwa utaipa klachi nafasi ya kucheza.

Ukishafunga, acha uchezaji wa milimita moja hadi mbili kwenye leva, usizidi kuukaza waya kwa kutaka leva iwe nyepesi, maana waya uliokazwa mno unaibana klachi nusu wakati wote na pleti zinaungua. Nenda Nungwi na kurudi, au Makunduchi ukipenda, ukiwa na abiria nyuma ili klachi ipate mzigo. Injini ikiwa na moto, simama, bana leva, ingiza gia ya kwanza: chombo kisisogee. Siku ya pili, chombo kikiwa kimepoa, kilaze tena na ufungue kifuniko pekee. Tazama kama ulimi uko ndani ya nafasi yake na kama kwenye oili kuna unga wa shaba. Nati usiiguse, iliyokwisha kufungwa kwa kipimo na kukunjiwa ulimi haiongezwi kukazwa.