Naomba ushauri: kalibu gani ya kubana maganda ya .308?

Habari zenu wakuu. Niko Texas, nina bunduki ya bolti ya .308 Winchester ya kulenga shabaha, na risasi najaza mwenyewe.

Nilianza na kalibu (die, kifaa cha kurudisha ganda lililopigwa kwenye vipimo vyake) inayobana shingo ya ganda tu. Maganda yale yale yalipofika raundi ya nne, bolti ikawa ngumu, naisukuma kwa kiganja. Nikahamia kalibu ya ganda zima, nikairekebisha bega la ganda (mteremko chini ya shingo) lirudi nyuma milimita 0.05 tu. Bolti sasa inafunga vizuri, ila nikizungusha risasi kwenye geji, ncha inayumba karibu milimita 0.1.

Nashuku ile gololi ya ndani ya kalibu, inayopanua shingo ganda likivutwa nje. Nikivuta ganda nasikia linakwaruza, hata nikipaka mafuta ndani. Maganda matupu nayo nimepima, yanatoka shingo imeshapinda, kwa hiyo kalibu ya kupachikia kichwa cha risasi siilaumu.

Je, nitoe gololi nihamie kalibu yenye bushi za kubadilisha (pete zinazoamua shingo ibanwe kiasi gani)? Risasi iliyojazwa shingo yake ni inchi 0.335, nafikiria bushi ya 0.333. Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijanunua, maganda yangu ni 100 tu.