Mrejesho: pancha kwenye theluji, gurudumu limegoma kutoka

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nifanyeje: tairi la nyuma limepasuka kando ya barabara kuu, theluji inaanguka, nati zimefunguka lakini gurudumu limeng'ang'ania. Wengi mlinikataza kulipiga mateke gari likiwa juu ya jeki. Nikalishusha, nikarudisha nati, nikapiga simu ya msaada.

Muda walioniahidi ulipita kitambo. Hapo ushauri wa bomba la moshi ukanifaa: niliwasha injini kwa vipindi nipate joto, ila kila mara nilitoka kwanza kufukua theluji kwenye bomba. Likizibwa, kaboni monoksidi huingia ndani, na haina harufu.

Fundi alitanguliza ubao chini ya jeki isiteleze, akagonga tairi kwa nyundo ya mpira, upande huu na ule, likaachia. Kumbe kutu ilikuwa imeshikamanisha rimu na habu, yaani kitovu ambapo gurudumu hufungwa! Akaisugua kwa brashi ya waya, akafunga lile tairi jembamba la akiba, ambalo mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Nalo lilikuwa limepungua upepo. Baridi hula takriban psi 1 (kipimo cha shinikizo la upepo) kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Akalijaza.

Aliyependekeza dawa ya kuziba pancha, asante, lakini ubavu ulichanika, na dawa haizibi ubavu. Nati nimeshazikaza tena baada ya mwendo kidogo. Matairi mapya ya baridi nimeagiza, yote manne.