Paili namba 14 inaonyesha kitu mita 6: kasoro au kesingi?

Kigamboni_Saiti:
Wakuu, habari za jioni. Namwakilisha mwenye jengo kwenye saiti ya ghorofa sita huku Kigamboni. Paili (zile nguzo za zege za msingi zinazozama ardhini) ni za kuchimba na kumwaga, kipenyo 600 mm, urefu mita 18. Jana wamekuja wapimaji: wanabandika sensa juu ya kichwa cha paili kwa nta, wanagonga kwa kinyundo cha plastiki, grafu inatoka kwenye tableti. Nyingi zimetulia. Namba 14 ina kilima kwenye mita 6 hivi, upande uleule wa pigo. Mkandarasi anasema ni kelele tu na kesho kutwa anataka kusuka nondo za pailikepu, ile kofia ya zege juu ya paili. Nimkubalie?

FundiZege:
Hivyo vinyundo ni biashara za watu. Paili unaipima kwa kuipakia mzigo, basi.

Babu_Mawimbi:
Kaka, usimkubalie bado, ila usimwite mwizi pia.

Kwenye zege zuri wimbi linakwenda karibu mita 4,000 kwa sekunde. Kushuka mita 18 na kurudi ni kama milisekunde 9. La mita 6 linarudi kwenye 3. Paili ikinenepa, wimbi linarudi limegeuka. Ikikonda, linarudi upande uleule wa pigo, ndiyo maana wapimaji wako wameshtuka.

Sasa niambie, kesingi ya muda, lile bomba la chuma la kuzuia shimo lisibomoke, ilikuwa na urefu gani? Kama ni mita 6, paili hapo juu imenenepa kidogo, na inaporudi kwenye 600 grafu inachora kilima kilekile cha kukonda. Nimeshaona paili nzima ikihukumiwa kwa hilo. Lakini kama ni kesingi, jirani zake nazo lazima zionyeshe. Pia uliza kama kichwa kilikatwa hadi kwenye zege gumu na kupigwa grainda. Ukigonga juu ya lile tope la saruji, unapima uji.

FundiZege ana hoja. Nyundo haikuambii paili itabeba tani ngapi, na uchafu kwenye kitako inaweza kuukosa kabisa. Urefu wa mara 30 ya kipenyo nao uko ukingoni mwa uwezo wake. Mita 6 tu kutoka juu, hata hivyo, inaona vizuri sana.

Kigamboni_Saiti:
Kesingi ni mita 6 kweli. Namba 13 na 15 zina kialama kidogo mno, ya 14 imesimama hasa. Nimefungua daftari la saiti: siku ile lori la pili lilikwama kwenye foleni, zege likasimama kwa muda wa karibu saa mbili, kesingi ikavutwa usiku.

Babu_Mawimbi:
Ungeanza na hilo daftari! Zege likianza kushika ndani ya kesingi, ukiivuta linapanda nayo, chini yake linaachana na udongo unaingia. Mdomo wa kesingi ulikuwa hapohapo mita 6.

Jumlisha tiketi za zege, zile karatasi za kila lori. Paili hiyo kwa hesabu ni mita za ujazo 5.1, na shimo halisi hula zaidi. Ikiwa imekula pungufu, ubishi umekwisha. Ikiwa imezidi, bado haijasafishika, huenda imenenepa kwingine. Mwandikie mhandisi msanifu barua, siyo WhatsApp. Aamue yeye: kuchoronga katikati mpaka mita 7 hivi mtoe sampuli, au kuongeza paili pembeni.

Zilizobaki kumwagwa, fungeni mabomba kwenye nondo kabla ya zege, mpime sauti kutoka bomba hadi bomba. Kwa 14 hilo limeshapita.

Kigamboni_Saiti:
Barua imetoka, kazi ya nondo imesimamishwa. Mkandarasi amenuna, anauliza nani atalipia mashine ya kuchoronga.

Babu_Mawimbi:
Soma mkataba kabla mashine haijafika. Mingi inasema ikikutwa mbovu analipa yeye, ikikutwa nzima analipa bosi wako. Mwambie bosi leo.