Majina marefu ya kemikali kwa Kiingereza: yanakatwa wapi, yanatamkwaje?

ripoti_ndefu: Habari wakuu. Majina kama dichlorodiphenyltrichloroethane na phenolphthalein yananishinda kuyasoma kwa sauti. Nikikata silabi kwa mtindo wa Kiswahili, konsonanti na irabu yake, nafika katikati nimeshapotea. Kuna kanuni? Na jina likigota mwisho wa mstari nilikate wapi?

pete_sita: Mkuu, silabi ziache kwanza, tafuta vipande vyenye maana. Hilo la kwanza ndiyo DDT yenyewe, ile dawa ya kuua wadudu, na lina vipande vinne tu: dichloro, diphenyl, trichloro, ethane. Kila kimoja kizoeshe peke yake (herufi kubwa ndipo penye mkazo): dai-KLO-ro, dai-FE-nil, trai-KLO-ro, E-thein (Waingereza wengi husema II-thein). Kisha jenga kutoka mkiani: ethane, halafu trichloroethane, halafu diphenyltrichloroethane, mwisho lote. Ukianzia mbele, ulimi unachoka kabla ya mkia, na mkia ndio unaotaja kiini cha kampaundi. Jumla ni silabi 11. Chunga kiungo cha chloro na ethane: o na e ni silabi mbili, usizibane zikawa "roi".

ulimi_mwepesi: Naongezea hapo. Wasemaji wa Kiswahili huangushwa zaidi na e ya mwisho. Benzene ni silabi mbili, BEN-ziin, wala si be-nze-ne. Acetone ni tatu, A-si-toun. Halafu mkazo. Kwetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaubeba hivyohivyo hadi kwenye Kiingereza. Paracetamol ni pa-ra-SII-ta-mol. Acetaminophen, jina la Kimarekani la dawa hiyohiyo, ni a-sii-ta-MI-no-fen.

Herufi nazo: ch ni k, ph ni f, x ikianza neno ni z (xylene, ZAI-liin). Mtego mkubwa ni phthal: wengi huimeza ph yote, kwa hiyo phenolphthalein ni fii-nol-THA-liin. Na viishio visikuponyoke: -ane ni "ein", -ene "iin", -yne "ain", -ide "aid", -ite "ait", -ate "eit". Ethene ukiitamka kama ethane umetaja gesi nyingine kabisa.

ripoti_ndefu: Shukrani. Sasa hexane ni hex-ane au he-xane?

pete_sita: Kikemia ni hex na ane. Mdomoni ni HEK-sein, x inagawanyika: k inabaki nyuma, s inasogea mbele. Kwenye maandishi fuata kemia: cyclo-hexane, kamwe si cycloh-exane. Ila kama jina lina kistari chake, kata hapo, maana kistari cha kuongeza msomaji anaweza kukidhania ni sehemu ya jina. Namba isiachwe yatima mwisho wa mstari: propan-2-ol ikatwe baada ya propan, 2 ishuke pamoja na ol. Kompyuta haijui hilo, kwa hiyo weka kistari kisichokatika (non-breaking hyphen) baada ya 2. Unaposoma, koma haitajwi, ni kituo kifupi tu: 1,1,1-trichloroethane ni "wan, wan, wan, trai-KLO-ro-E-thein".