Naomba ushauri: patisheni ya pamoja ya Windows na Linux, NTFS au exFAT?

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Moshi, nahariri video za harusi na sendofu. Laptopu yangu ina Windows 10 na Ubuntu 22.04 (aina ya Linux). Linux iko kwenye ext4 (mfumo wa kupanga faili kwenye diski, kama zilivyo NTFS, exFAT na FAT32), huko sina shida. Kinachonisumbua ni patisheni (sehemu ya diski) ya GB 500 ya kazi, ambayo nataka mifumo yote miwili isome na kuandika.

FAT32 haifai, maana faili moja halivuki GB 4, na ibada ya ndoa peke yake inazidi hapo. Kwa sasa ni NTFS. Nikiingia Ubuntu kuna wakati inafunguka kwa kusoma tu, kazi haihifadhiki, na bwana harusi anapiga simu. Nimezima ule uwashaji wa haraka wa Windows, ikatulia kiasi. Lakini betri imechoka, umeme ukikatika katikati ya kazi tatizo linarudi, mpaka nirudi Windows niendeshe chkdsk, ile programu ya kukagua diski. Nimejaribu ntfsfix pia, ile ya Linux ya kurekebisha NTFS. Inafungua, ila siiamini kwa mali ya wateja.

exFAT naitamani, Linux inaisoma yenyewe tangu kerneli (kiini cha Linux) 5.4. Hofu yangu ni kwamba haina jono (journal, kumbukumbu ya mabadiliko inayosaidia kurekebisha diski ikizimika ghafla) kama NTFS.

Naombeni mnisaidie haya: kwa umeme wa kukatika hivi, exFAT si hatari zaidi? Na nikibaki NTFS, nihamie dereva ya ntfs3 iliyoingia kerneli 5.15 au nibaki na ile ya zamani, ntfs-3g? Aliyeitumia kwa mafaili makubwa anijuze tafadhali, Jumamosi nina harusi nyingine.