Ushauri: bastola yenye kompenseta ya kutembea nayo, ninunue au niachane nayo?

Dereva wa Usiku
Wakuu, habari za muda huu. Niko Houston, Texas, mwaka wa tisa sasa, naendesha lori. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na silaha, hasa mlioko huku Marekani, maana hili jambo linaninyima usingizi.

Nataka kununua bastola ya kujilinda, ya kutembea nayo. Dukani nimeonyeshwa mbili za 9mm, ukubwa unakaribiana. Moja ya kawaida. Nyingine ina kompenseta, yaani kule mbele karibu na mdomo kuna tundu la juu linaloachia gesi ya baruti itoke, ili mdomo usiruke ukifyatua. Niliikodi palepale kwenye uwanja wao wa shabaha nikapiga risasi 50. Kweli inatulia. Ila bei imezidi ya kawaida kwa dola 150.

Faida na hasara ni zipi? Nijibuni kiufundi tu. Mahubiri ya kwamba silaha ni mbaya nimeshayasikia.

Babu Kishoka
Mwanangu, mahubiri utayasikia tena. Mwenye chuma kiunoni hutafuta ugomvi hata asipoutaka. Nimeishi miaka 61, ulinzi wangu ni majirani na mbwa wawili. Rudisha hiyo dola 150 umtumie mama yako.

Kijana wa Likoni
Kaka, nyinyi huko mwachagua mguu wa kuku kama viatu. Huku Kenya bila leseni ya Bodi ya Leseni za Silaha hata risasi moja ni balaa mfukoni. Nasoma tu nipate elimu.

Fundi Mtutu
Mkuu, nakujibu kiufundi kama ulivyoomba. Niko Dallas, napiga mashindano ya shabaha, na bastola za namna hii nimezitumia zote.

Kompenseta inakula gesi. Risasi ikishaacha mtutu, gesi iliyo nyuma yake inagonga ukuta wa kile chumba cha mbele na kupanda juu. Ikipanda, mdomo unasukumwa chini. Kwa hiyo faida yake inafuata presha ya risasi unayotumia. Kikomo cha presha cha 9mm kwa viwango vya viwanda vya Marekani ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35,000. Cha .45, risasi nene zaidi, ni 21,000, ndiyo maana kompenseta kwenye .45 hutaiona ikifanya kazi kubwa. Ukipakia risasi laini za bei rahisi, umebeba tundu tu.

Halafu kuna aina. Kuna zenye matundu kwenye mtutu wenyewe, kama Glock 19C, ambapo gesi inatoroka risasi ikiwa bado ndani, kwa hiyo inapoteza kasi kidogo. Kuna zilizojengewa ndani ya slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua), kama SIG P365-XMACRO ya 2022: mtutu ni inchi 3.1 ndani ya slaidi ndefu zaidi, ile nafasi iliyobaki mbele ndiyo chumba cha gesi. Kuna za kufunga kwa hesi kwenye ncha ya mtutu. Hizi za hesi kwa kubeba kila siku sizipendi. Uzito unaongezeka kwenye mtutu, slaidi inarudi kwa uvivu, maganda yanakwama mpaka ubadilishe springi, na kwenye ala ya kawaida, yaani mfuko wa bastola, haitaingia. Na wewe dereva, California bastola ya magazini ya kuchomoa ikiwa na mtutu wa hesi inaingia kwenye orodha ya silaha za kivita. Usivuke nayo mpaka.

Hasara ambayo wauzaji hawaisemi: adui halisi hasimami mita 7 kama karatasi. Mwaka juzi kwenye mafunzo tulipiga bastola ikiwa imebanwa ubavuni, kama mtu amekushika shati. Yangu ilikuwa na kompenseta. Nilihisi joto kidevuni, nikavua miwani ya kinga nikakuta vichembe vyeusi vimetapakaa kioo cha kulia chini. Bila miwani vingekuwa jichoni. Na gizani ule mwali unapanda juu, mbele ya macho yako.

Kwangu mimi: mashindano, ndiyo. Kujilinda, kama unafanya mazoezi kila mwezi na risasi zenye nguvu, sawa. Vinginevyo nunua ya kawaida, ile dola 150 inunulie risasi.

Mzee wa Ruvu
Fundi umenirudisha JKT miaka ya 80. Tulikuwa na SMG (bunduki za jamii ya AK-47) ambazo mdomo wake umekatwa mshazari. Sisi makuruta tukadhani zimevunjika. Mkufunzi wetu, mtu mfupi wa Songea, akachomoa ile ncha, akaigeuza mbele ya macho yetu, akasema: moshi unagonga huu upande, bunduki inashuka, wewe unabaki unamwona adui. Miaka arobaini imepita, leo ndiyo nasikia jina la ile ncha. Shukrani kijana.

Dereva wa Usiku
Fundi, Mungu akubariki. Swali dogo. Hiyo kuruka kupungua, si itamsaidia mtu ambaye kiganja hakina nguvu? Tuseme kifundo cha mkono kimefanyiwa upasuaji.

Mama Brian Ohio
Nani amefanyiwa upasuaji? Mwanzo umesema unataka wewe.

Fundi Mtutu
Swali hilo lilipaswa kuwa la kwanza. Kuruka kunapungua, teke halipungui kwa kiasi hicho. Na bastola ya 9mm inahitaji kifundo kikaze ili slaidi irudi hadi mwisho. Kifundo kikilegea, slaidi haikamilishi safari na ganda linabanwa. Kompenseta nayo inaipunguzia slaidi nguvu. Ukijumlisha hayo mawili kwenye risasi dhaifu, unapata bastola inayokwama mikononi mwa mtu aliyeogopa. Tena kabla ya kupiga lazima avute slaidi kwa mkono. Ameweza?

Mama Brian Ohio
Dereva, jibu. Ni ya nani?

Dereva wa Usiku
Ni ya mke wangu. Sikuona umuhimu wa kulisema, bastola ni bastola.

Ni muuguzi msaidizi hospitali, zamu yake inaisha saa tano usiku. Mwaka jana alipasuliwa kifundo cha mkono wa kulia kwa sababu mkono ulikuwa unakufa ganzi. Mwezi huu mara mbili gari la kijivu limemfuata taratibu kwenye maegesho mpaka alipoingia ndani ya gari lake. Mara zote mbili mimi nilikuwa njiani, mara moja Oklahoma, mara moja Tennessee. Ananipigia simu anapumua kama amekimbia, mimi nimeshika usukani maili 600 mbali. Mngekuwa mimi mngefanyaje? Malipo ya awali nimeshatoa, dola 200, ile ya kompenseta. Nimeichagua kwa sababu yeye ni mwepesi na hii ndiyo inayotulia.

Babu Kishoka
Pole sana mwanangu. Ungesema mapema.

Nesi wa Minnesota
Shemeji pole, na mpe pole dada yetu. Nami natoka zamu usiku. Ila nikuulize: ataiweka wapi akiwa kazini?

Kwa sheria ya Texas, ndani ya jengo la hospitali hairuhusiwi kuingia na silaha bila idhini ya maandishi. Ile ruhusa ya kubeba bila leseni iliyoanza Septemba 1, 2021 haikuondoa hilo. Maegesho hayahesabiwi kama jengo, na mwajiri hana haki ya kumkataza kuifungia ndani ya gari lake. Kwa hiyo saa zote za zamu bastola itakuwa garini. Yeye akitoka mlangoni saa tano, anatembea mikono mitupu mpaka kwenye gari. Na hiyo ndiyo sehemu inayomtisha.

Kwangu hospitali walinzi wanasindikiza mtu yeyote akipiga simu ya ndani. Nilikuwa naona aibu kuomba, nikidhani watanidharau. Siku moja nilikuta vioo vya magari matatu vimevunjwa, tangu hapo sijawahi kuacha kupiga.

Mwanasheria wa Kijiweni
Swali moja: hela ya nani?

Dereva wa Usiku
Inahusu nini?

Mwanasheria wa Kijiweni
Inahusu kifungo. Dukani utajaza fomu 4473, ya serikali ya kununulia silaha, utaulizwa kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukimnunulia zawadi halali kwa hela yako, na yeye kisheria anaruhusiwa kumiliki, hakuna shida. Akikupa hela umnunulie halafu ukasema ni yako, umedanganya serikali. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo 2014, kesi ya Abramski, na yule aliyenunuliwa alikuwa anaruhusiwa kabisa kumiliki. Na mko kwa hadhi gani? Mwenye viza ya kawaida, ya masomo au matembezi, haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa vighairi vichache.

Dereva wa Usiku
Grini kadi tunazo wote wawili. Hela ni yake, ya saa za ziada. Hataki kwenda dukani, alisema nunua unachoona kinafaa. Sisi ni mke na mume, hela ni moja. Hamjui nyumba yangu, msinifanye mhalifu.

Mama Brian Ohio
Hakuna aliyekuita mhalifu, shemeji. Lakini asiyetaka hata kwenda dukani, ataweza kuitoa kwenye ala usiku mtu anamjia? Na watoto je?

Dereva wa Usiku
Wawili. Miaka 4 na 9. Sefu nitanunua.

Mama Brian Ohio
Sefu kwanza, basi. Texas mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia silaha yenye risasi kwa uzembe wako, ni kosa lako wewe.

Kamanda Mtambo
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Mwezi wa tatu huyu jamaa aliandika kwenye uzi wa mikopo kwamba mashine yake ya kukoboa mpunga Kahama imeungua mota. Leo yuko Houston na lori! Kwanza bastola ni ya kwake, mara ya mke, mara hela ya mke, mara watoto. Kila akibanwa anatoa kipande kipya. Ama ni muuza duka anatangaza bidhaa.

Kijana wa Likoni
Ewaa! Nami niliona hadithi yaongezwa tangawizi kila ukurasa.

Mzee wa Ruvu
Mota ya Kahama naikumbuka. Nilimshauri ahesabu nguvu za umeme kabla ya kununua nyingine.

Dereva wa Usiku
Mashine ni yangu, iko Kahama, anaisimamia mdogo wangu. Niliandika "mashine yangu", sikuandika niko Kahama. Mzee, ulinishauri vizuri na mota mpya inafanya kazi mpaka leo. Kuhusu kuficha: niliona haya kusema mke wangu anafuatwa usiku na mimi sipo. Mwanaume unaliandikaje hilo?

Anayetaka kuamini aamini. Nimechoka.

Kamanda Mtambo
Dukani mbona hutaji jina?

Nesi wa Minnesota
Kamanda, wewe amini unavyotaka. Mimi simu za namna hiyo nimezipokea, na nimezipiga. Shemeji, ameripoti polisi hilo gari? Ana namba?

Dereva wa Usiku
Herufi tatu za mwanzo. Hakuripoti, alisema watamwuliza maswali mengi.

Nesi wa Minnesota
Aripoti kesho, na kwa walinzi wa hospitali pia. Kwenye maegesho kuna kamera, na picha hazikai milele.

Dereva wa Usiku
Wakuu, nimerudi, siku kumi na moja zimepita.

Ripoti ametoa. Mlinzi anamsindikiza kila usiku. Mke wangu amesoma uzi huu wote, mezani, bila kusema neno, mpaka pale Mama Brian alipoandika. Akaniambia: nilikupa hela ili uache kunipigia simu ukiwa barabarani kila dakika kumi. Mimi sikujua.

Jumamosi tulikwenda uwanja wa shabaha pamoja, mwalimu akiwepo. Slaidi ya kwanza hakuweza kuivuta kwa mkono wa kulia, ya pili ilimtoka mkononi ikajifunga. Mwalimu akamvutia. Ya kawaida alipiga sita. Ya kompenseta alipiga tatu, ganda la tatu likabanwa, akaiweka mezani akasema ule mwali umemkaa machoni. Fundi, kila ulichoandika nilikiona.

Dukani nimefuta oda, wamenirudishia nusu ya hela. Bado hatujaamua kama nyumba yetu itakuwa na silaha. Lakini akitaka, atajaza fomu mwenyewe. Je, iko yenye slaidi nyepesi?

Fundi Mtutu
Ipo. Smith & Wesson wanatengeneza Shield EZ, ya .380 na ya 9mm, slaidi yake imelegezwa makusudi kwa mikono kama ya shemeji. Aanze na .380, nguvu yake ni ndogo kuliko 9mm. Akodi kwanza, apige risasi 100 kwa siku mbili tofauti, na auvute yeye mwenyewe huo mvuto wa kwanza, mwalimu asimsaidie.

Kamanda Mtambo
Dereva, ile mota mpya ni ya nguvu farasi ngapi? Yangu nayo imeungua jana.